Kuezeka Nyumba ya Magokoro

Fundi wa kuezeka haanzi na nyasi. Nyasi zimelundikwa uani tangu jana, miganda juu ya miganda, na vijana waliozibeba wanangoja waambiwe la kufanya. Yeye amezipitia kwa jicho na kuziacha hapo hapo. Anaingia ndani ya nyumba, anasubiri macho yazoee giza, kisha anatazama juu. Anatafuta nuru. Paa lililochoka lina vitundu visivyomsumbua anayeishi chini yake, kwa sababu havijaanza kuvuja. Lakini penye nuru leo ndipo maji yatakapopita kesho, na karibu na kila kitundu pana ufito uliokwisha kulowana na kukauka mara nyingi. Fundi anagonga fito kwa mpini wa panga, mmoja baada ya mwingine, akiizunguka nyumba polepole. Ufito mzima unatoa sauti kavu. Uliooza haujibu. Huo anaufunga kwa ukamba wa mgomba ili aujue atakapokuwa juu, na anaendelea.

Kabla ya hapo alikuwa ameuliza swali moja tu: je, moto bado unawashwa humu? Akaambiwa ndiyo, kila asubuhi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jibu hilo lilimweleza hali ya paa kuliko ambavyo angeambiwa na mtu aliyelikagua kwa nje.

Nyumba yenyewe iko kwenye mteremko nje ya mji wa Ogembo, Kaunti ya Kisii, katika vilima ambavyo maji yake huingia mto Gucha na hatimaye Ziwa Victoria. Ni nyumba ya duara, kuta zake za fito na udongo, paa lake la nyasi lenye ncha. Mwenyewe ni ajuza ambaye wajukuu zake, na majirani kwa kuwaiga, humwita magokoro, kama Abagusii wa huko wanavyomwita nyanya. Alijengewa nyumba hii baada ya kuolewa. Amezalia humo, amelea humo, na sasa wajukuu wadogo ndio wanaolala naye. Muda wote huo mwenye nyumba amekuwa yeye. Vilivyobadilika ni vitu vilivyoisimamisha: nguzo za ukuta ziling’olewa moja moja kadiri zilivyooza zikawekwa nyingine, udongo ukakandikwa upya, nyasi zikavuliwa na kurudishwa mara ambazo mwenyewe haoni haja ya kuzihesabu. Miti ya mwanzo iliyobaki ni nguzo mbili za ndani, nyeusi na ngumu kwa moshi wa miaka.

Nyumba nyingi tunazoziita za kihistoria zina habari ya namna nyingine. Ile ya mwandishi Karen Blixen, chini ya vilima vya Ngong, ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Msweden, Åke Sjögren. Akina Blixen waliipata mwaka 1917 pamoja na shamba la kahawa. Karen aliondoka Kenya mwaka 1931 baada ya shamba kufilisika na kuuzwa. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua ikaikabidhi Kenya kuwa zawadi ya uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kule kuta zilibaki, wenyewe wakapokezana. Hapa Ogembo ni kinyume: mwenyewe alibaki, na kuta ndizo zilizopokezana. Historia ya nyumba kama hii haimo katika hati za mauzo. Imo mikononi mwa watu waliojua kuitengeneza, na mikono hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mwezi wa kuezeka nao huchaguliwa. Sehemu hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Juni, fupi kuanzia Septemba hadi Novemba, na kati yake Januari na Julai huwa na nafuu. Fundi huyu haezeki nje ya miezi hiyo miwili akiweza kuepuka, na hata ndani yake havui paa zima kwa mara moja. Anavua kipande anachoweza kukifunika kabla ya jioni. Anapanda, anauchomeka mkono ndani ya nyasi kuukuu hadi kiwiko, anatoa kishungi na kukitandaza kiganjani. Sehemu ya nje ni nyeusi na inavunjika. Ya ndani bado ni ya manjano, kavu, ina harufu ya moshi. Paa lililoezekwa vizuri huoza kutoka nje kuelekea ndani, taratibu, na fundi husoma umri wake kwa kina cha weusi huo. Zile za manjano hazitupi. Nyingine zitarudi paani kuwa tabaka la chini, na nyingine zitakatwakatwa zichanganywe na udongo wa kukandikia.

Mifupa ya paa ikionekana, kazi ya panga inaanza. Makombamoyo, miti mirefu inayopanda kutoka ukutani na kukutana kileleni, yako imara isipokuwa matatu. Badala ya kuyang’oa anayaongezea mengine ubavuni, mikaratusi iliyonyooka na kumenywa gamba, kwa sababu kombamoyo likitolewa jirani zake hulegea. Kisha anashughulikia pau, fito zinazozunguka paa kama pete. Zilizofungwa ukamba zinakatwa na kuondolewa, mpya zinapindwa. Ufito mbichi mno hunywea baadaye na kulegeza fundo. Mkavu mno huvunjika ukipindwa. Fundi anaukamata kwa mikono miwili, anaulazimisha kidogo gotini, anasikiliza. Uliokataa anauweka kando bila neno. Kamba ni ya katani, iliyoloweshwa kwenye ndoo ili isikatike inapokazwa kwenye kona. Kila mahali pau inapokutana na kombamoyo pana fundo, na paa dogo kama hili lina mamia ya mafundo. Sikumwona akifunga hata moja akitazama pembeni.

Sasa nyasi. Hizi zimenunuliwa upande wa Transmara na kuletwa kwa lori, kwani Kisii hapana pa kuziotesha. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti hii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860, zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba, na kila upenyo wa ardhi una mahindi, migomba, chai au nyasi za ng’ombe. Nyasi za kuezekea hazikatwi changa. Hungojewa mpaka zimalize kutoa mbegu na bua kukakamaa. Zikifika bado zina majani makavu, magugu na vumbi, na vyote hivyo vikiingia paani hushika maji kama sifongo. Kwa hiyo huchambuliwa. Fundi amepigilia misumari mirefu kwenye ubao, na kila kishungi kinapitishwa hapo, kinavutwa, kinageuzwa, kinavutwa tena, mpaka ibaki bua tupu. Kisha anakigonga chini upande uliokatwa, mara tatu au nne, mpaka ncha zote ziwe sawa. Kinachotosha mganda ni kile ambacho vidole vya mikono miwili vinaweza kukizunguka vikagusana.

Hii ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wanaoharakisha huiruka. Vijana waliokuja kusaidia walianza kwa kasi, wakapunguza, wakaanza kutazama simu. Fundi hakuwakemea. Alichukua miganda waliyoifunga, akaifungua, akaipitisha upya kwenye misumari yeye mwenyewe, mbele yao, bila kunung’unika. Baada ya mganda wa tatu hivi walirudi kazini. Mpaka jua linazama miganda yao ilikuwa haifunguliwi tena.

Kuezeka huanzia chini, kwenye mchirizi. Safu ya kwanza ndiyo nene kuliko zote, kwa sababu maji yote ya paa yatapitia hapo. Mganda unawekwa ncha zilizokatwa zikitazama chini, mwingine unabanwa ubavuni mwake, na fundi anautandaza kwa kiganja hadi mpaka kati yao upotee. Kisha inaingia sindano. Ni kipande cha chuma kilichonyooshwa, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, chenye tundu la kamba. Fundi anaipenyeza kutoka nje. Aliyekaa ndani anaipokea, anaizungusha nyuma ya pau, anairudisha. Kamba inakazwa kwa goti. Baadaye anachukua kibao chenye mpini na kupigapiga ncha za nyasi kwenda juu, pigo fupi fupi, mpaka ukingo wa mchirizi uwe mstari mmoja unaozunguka nyumba. Anashuka ngazi, anarudi nyuma hadi kwenye migomba, anautazama. Anapanda tena kurekebisha mahali ambapo mimi sikuona kasoro.

Aliyekaa ndani ni mjukuu wa kiume, kijana wa shule, na kuna sababu ya kuchaguliwa yeye. Nyumba ya jadi ya Abagusii ina pande mbili: eero, anapokaa mume na wageni wake, na upande wa ndani wa mwenye nyumba, penye mafiga na malazi yake. Mpaka huo unalindwa na chinsoni, heshima inayotenga kizazi cha wazazi na cha watoto wao. Mwana aliyekwisha kutahiriwa haingii upande wa ndani wa mama yake, na baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nyanya na mjukuu hawana mpaka huo, hao hutaniana. Ndiyo maana wana wa magokoro, wanaume wazima wenye nyumba zao za mabati hapo jirani, walibaki uani wakirusha miganda, na mtoto wa mmoja wao ndiye aliyeketi juu ya kigoda karibu na mafiga, uso umejaa vumbi, akingojea sindano.

“Iko wapi?” fundi aliuliza kutoka juu.

“Imekwama kwenye pau, mzee.”

“Haijakwama. Umeivuta kabla sijaiachia. Irudishe tuanze tena.”

Wakaanza tena. Kuelekea mchana kijana alikuwa ameujua mwendo wa kazi, na sindano ilikuwa ikienda na kurudi bila mtu kusema lolote.

Safu ya pili inafunika mshono wa ya kwanza, ya tatu inafunika wa pili, na hivyo hivyo hadi juu, ili kamba hata moja isiione mvua. Kinachoonekana cha kila mganda ni kipande kifupi cha chini. Sehemu yake kubwa imelala chini ya wenzake. Hapo ndipo siri yote ya paa la nyasi ilipo. Nyasi hazizuii maji kwa kuwa ngumu. Mteremko ni mkali, nusu ya pembe mraba au zaidi, na tone linapoanguka hushika bua, likateleza hadi ncha yake, likadondokea bua la chini, hadi mchirizini, likiwa limelowesha tabaka jembamba la juu tu. Paa likilala mno, tone husita, na tone linalosita huingia. Kutoka ndani moshi wa mafiga unapanda kupitia irongo, dari ya fito inayohifadhi kuni na nafaka, unajipenyeza katika nyasi, unazikausha na kuwafukuza wadudu. Nyumba ya nyasi isiyowashwa moto huzeeka upesi. Mkwe wa magokoro ana jiko la gesi, na uji wa asubuhi ungeweza kutoka huko. Magokoro bado huchochea moto wake, na kwa kufanya hivyo analitunza paa kila siku bila kupanda ngazi.

Zamani kazi hii isingemhitaji fundi wa kulipwa. Mwenye kujenga angeita risaga: majirani wangekuja na panga zao, wanaume wakasimamisha miti na kuezeka, wanawake wakabeba nyasi na maji na kukandika, na mwisho wake kukawa na pombe na chakula. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Gusii mwishoni mwa miaka ya 1940, aliandika juu ya ushirikiano huo wa majirani. Fundi wetu alijifunzia katika risaga, akiwa mtoto wa kupokezana sindano. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno, anasema. Aliyekosea alirudishiwa mganda wake.

Kileleni nafasi ni ndogo na hakuna pa kukanyaga. Miganda ya mwisho ni mirefu kuliko yote, na huwekwa kinyume na mingine, ncha zilizokatwa zikielekea juu, ikizunguka ncha ya makombamoyo pande zote. Fundi anaikumbatia kwa mkono mmoja huku wa pili ukizungusha kamba, mizunguko mingi iliyobanana, kila mmoja ukikazwa kabla ya unaofuata. Hicho ndicho kipia. Paa zima likiwa zuri na kipia kikiwa kibaya, maji huingilia hapo na kuteremka kwa ndani yakiozesha kila kombamoyo kutoka juu. Alikifunga, akakitikisa kwa nguvu, akakifungua. Alikuwa ameona kamba imepanda juu ya mwenzake mahali fulani. Akakifunga upya tangu mwanzo, wakati watu chini walikuwa wamekwisha kukusanya vifaa.

Kazi ya wanaume ikamalizikia hapo na ya wanawake ikaanza. Mvua inayodondoka kutoka mchirizini huruka kutoka ardhini na kuupiga ukuta sehemu ya chini, na kwa miaka michache iliyopita hapo palikuwa pamemomonyoka hadi fito kuonekana. Udongo mwekundu ulichimbwa nyuma ya nyumba, ukamwagiwa maji, ukaachwa ulale. Kesho yake mabinti wawili wa magokoro, waliotoka walikoolewa kuja kumsaidia mama yao, waliukanyaga kwa miguu pamoja na zile nyasi kuukuu zilizokatwakatwa, mpaka ukaacha kushika kwenye vidole. Kukandika ni kutupa: tonge la udongo linarushwa kati ya fito kwa nguvu ili lishike, halafu linasukumwa kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Tabaka la kwanza liliachwa likauke na kupasuka. Nyufa zinatakiwa. Ndizo zinazolishika tabaka la pili.

Kusiriba alikuja kukufanya magokoro mwenyewe. Mchanganyiko wake ni kinyesi kibichi cha ng’ombe, majivu na udongo laini uliochekechwa, na vipimo anavijua yeye. Alichota kidogo, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaongeza majivu. Nyuzinyuzi za nyasi zilizomo katika kinyesi hushikanisha uso wa ukuta usipasuke. Aliketi chini na kuanza pembeni mwa mlango, mkono ukipita kwa nusu duara, kila pito likianzia mwisho wa lililotangulia, unene uleule, kasi ileile. Binti mmoja alijaribu kumsaidia upande wa pili. Mama alimwacha amalize sehemu yake, akasogea akaupitia tena mpaka wa kazi zao mbili, mara moja tu, na mpaka ukafutika.

Sitamlaumu mtu aliyeezeka mabati. Mabati hayahitaji kuvuliwa kila baada ya miaka kadhaa, hayashiki moto upesi, na yanatega maji: paa la mita 30 za mraba katika eneo lenye milimita 1,500 za mvua hupokea lita 45,000 kwa mwaka, na kila lita iliyoingia tangini ni lita ambayo mwanamke au mtoto hakuipandisha mlima kutoka chemchemini. Wana wa magokoro walichagua vyema. Hata hivyo nyumba zao zilikamilika siku fundi alipoondoka. Ya mama yao inamhitaji fundi, na nyasi, na ng’ombe, na mabinti, na mjukuu, na moto wa kila siku.

Juu ya nyumba hii, kwenye mteremko, palikuwa na nyumba ya mama mkwe wake. Sasa pana migomba, na anayejua aweza kuonyesha palipoinuka kidogo kwa duara. Kwa desturi ya Abagusii kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake ya kulima na ng’ombe waliohesabiwa kwa nyumba hiyo, na wana walirithi kupitia nyumba ya mama yao. Nyumba ya nyasi ndiyo iliyoamua mipaka ya ardhi kabla ya hati. Siku hizi hati zipo, na Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981, pamoja na Katiba ya mwaka 2010, zinawapa mabinti haki sawa na ndugu zao. Mimi naona ni sawa kabisa. Nimewaona waliokanyaga udongo wa ukuta ule.

Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, ina boma la Kisii miongoni mwa yale inayoyaonyesha, na ni vizuri kwamba mtoto wa mjini anaweza kulitembelea. Ila ufundi hauhifadhiwi kwa kutazamwa. Unahifadhiwa na anayepokea sindano. Wanaoweza kufunga kipia kisichovuja ni wazee, na bado wapo. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha uashi na useremala viwaite wakati wangali na nguvu za kupanda ngazi, hata kwa muhula mmoja, na viwalipe kama walimu. Mwenye nyumba ya nyasi nyumbani kwao aitengeneze Januari, na amweke kijana ndani. Na mwenye ukingo wa kijito asioweza kuulima auache uote nyasi ndefu, asizikate kabla hazijatoa mbegu.